Kufundisha kuchonga na kufundisha kwa sanamu: juu ya masomo ya uchongaji kwenye Akademi ya Sanaa ya Kinshasa

Maneno haya mawili yanafanana, lakini hayako kitu kimoja. Kufundisha kuchonga ni kumwonyesha kijana namna ya kushika tezo na patasi, namna ya kuchagua mti, namna ya kutoa mwili wa mtu ndani ya gogo. Kufundisha kwa sanamu ni jambo lingine: ni kuweka sanamu mbele ya watu na kuitumia kama vile mwalimu anatumia kitabu, ili wajue namna ya kuishi. Katika kurasa hizi tunataka kutazama historia ya masomo ya uchongaji kwenye Akademi ya Sanaa ya Kinshasa, shule kubwa ya sanaa ya inchi yetu, tukiwa na maneno haya mawili mkononi. Maoni yetu tuyaseme toka mwanzo: shule ile ilishika neno la kwanza na ikalifanyia kazi vizuri. Neno la pili ililiacha mlangoni, na wengi waliotoka ndani yake wamelazimika kwenda kulitafuta peke yao.

1. Toka Gombe-Matadi mpaka mji mkuu

Mwaka 1943, wakati vita kubwa ilikuwa bado inaendelea Ulaya, Mbeleji mmoja, Victor Wallenda, aliyeitwa Frere Marc katika shirika la Mafrere wa Shule za Kikristo, alifungua shule ya sanaa huko Gombe-Matadi, katika Kongo ya Chini. Aliipa jina la Mtakatifu Luka, jina ambalo shule za sanaa za Kikatoliki kule Ubeleji zilikuwa nalo. Mwaka 1949 shule ikahamia Leopoldville. Mwaka 1957 ikaitwa Akademi. Mwaka 1981 ikaingizwa katika masomo makubwa ya ufundi ya Serikali.

Tukisoma tarehe hizi haraka, tunaona maendeleo tu: shule ya misioni imekuwa akademi, akademi imekuwa masomo makubwa. Lakini tukizisoma polepole tunaona tena kitu kingine. Kila hatua ilimpeleka mchongaji mbali kidogo na watu ambao zamani walikuwa wanamwagiza kazi. Toka kijijini mpaka misioni, toka misioni mpaka mji, toka mji mpaka kwenye diploma.

Tusimwonee Frere Marc. Wakati ule wazungu wengi, na mapadri kati yao, walikuwa wanaona sanamu za mababu kuwa fetishi za kuchoma moto ama vitu vya kupakia kwenye meli. Yeye alihesabu kwamba kijana wa Kongo ana mkono wa mchongaji na akili ya mchongaji, akamjengea shule. Ile haikuwa kazi ndogo. Lakini katika shule ya misioni sanamu ya mababu haingeweza kuingia pamoja na wimbo wake, ngoma yake na kiapo chake. Ingeweza kuingia kama umbo tu, yaani kitu cha kutazama.

Sasa tuweke tarehe moja ya upande wetu wa mashariki karibu na zile. Mwaka 1948 serikali ya koloni ilipiga marufuku chama cha Bwami cha Warega. Mwaka mmoja kisha, shule ya Mtakatifu Luka ikafika Leopoldville. Hatusemi kwamba mtu mmoja alipanga mambo yote mawili. Lakini tarehe zenyewe zinasema: mkono mmoja ulikuwa unafunga nyumba ambamo watu walifundishwa kwa sanamu, na mkono mwingine ulikuwa unafungua nyumba ambamo watu wangefundishwa kuchonga.

2. Masomo yaliyokuwa mbele ya masomo

Juu ya nini tunaita Bwami masomo? Kwa sababu ilikuwa masomo kabisa. Daniel Biebuyck, Mbeleji aliyekaa kwa Warega miaka ya 1950 na kuandika kitabu juu ya utamaduni wao mwaka 1973, alionyesha kwamba zile sanamu ndogo za mti na za pembe ya tembo hazikuwa miungu, wala mapambo. Zilikuwa vyombo vya kufundishia. Mtu alipanda ngazi kwa ngazi, mpaka yananio, mpaka kindi, na kwenye kila ngazi alionyeshwa vitu, akaimbiwa, akachezewa, akapewa methali ya kila kitu.

Tutoe mfano. Kuna sanamu yenye vichwa vingi, inayoitwa Sakimatwematwe. Mtu asiyefundishwa atasema: huyu mchongaji alipenda mambo ya ajabu. Lakini aliyefundishwa anajua kwamba inamtaja Bwana Vichwa-Vingi, aliyemwona tembo ng'ambo ya mto mkubwa. Mwenye kuona pande nyingi kwa mara moja ndiye anaweza kukata maneno ya watu kwa haki. Vichwa vingi ndiyo methali yenyewe. Tena ile barakoa ndogo ya mti, lukwakongo, haikuvaliwa usoni tu. Ilishikwa mkononi, ilitundikwa kwenye ua, ilikokotwa chini, na kila namna ilikuwa na maana yake. Mwanafunzi wa leo anayeiona ukutani, nyuma ya kioo, ameona nini? Ameona mti tu.

Kwa Waluba iko vilevile. Lukasa, ule ubao mdogo wenye shanga na vipande vya kombe, ulikuwa kitabu cha chama cha Bambudye. Mwenye kujua aliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kikapita juu ya shanga, huku akisimulia wafalme, njia za safari na mahali patakatifu pa ufalme. Aliyechonga ubao na aliyeusoma walihitajiana. Ubao usio na msomaji ni kipande cha mti.

Kwa Wapende, upande wa Kwilu na Kasai, mwanamke mtaalamu wa Marekani Zoë Strother aliandika mwaka 1998 jambo ambalo kila mwalimu wa uchongaji anapashwa kulitafakari. Mtu akitaka kuzua barakoa mpya, hakuanzia kwa mchongaji. Mchezaji alianza na hatua za miguu, wapiga ngoma wakatafuta mdundo, na wakati ngoma ilikuwa imesimama ndipo walimwendea mchongaji ili atoe uso unaofaa mwendo ule. Mchongaji alikuwa wa mwisho. Katika shule mchongaji ni wa kwanza na wa mwisho: anazua peke yake, anamaliza peke yake, kisha anatafuta nani atanunua.

Kuna watu wanaosema kwamba wachongaji wa zamani hawakuwa na majina, kwamba kabila ndilo lilikuwa linachonga, na kwamba shule ndiyo ilileta msanii mwenye jina. Hii si kweli. Mbeleji Frans Olbrechts, katika miaka ya 1930, aliweka pamoja viti na sanamu zenye nyuso ndefu za huzuni kutoka Katanga ya kaskazini, akaonyesha kwamba ni mkono wa mtu mmoja ama wa atelye moja. Akaita ule mtindo kwa jina la kijiji cha Buli. Baadaye watu wa eneo lile la Wahemba walitaja jina: Ngongo ya Chintu. Kwa hiyo jina lilikuwako. Aliyelipoteza ni yule aliyenunua kiti bila kuuliza nani alikichonga.

3. Mazuri ya shule, tuyahesabu

Mhakiki asiyesema mazuri si mhakiki. Shule ya Kinshasa ilileta mambo matatu ambayo kijiji hakikuwa nayo.

La kwanza ni vifaa. Udongo wa kufinyanga mfano, plasta, sementi, jiwe, shaba: kijana aliyetoka kijiji cha wachonga miti alikuta hapo ulimwengu mpana. La pili ni mlango wazi. Kwa mababu, kuchonga mti ilikuwa kazi ya wanaume, na mara nyingi ya ukoo fulani. Msichana hakugusa tezo. Shule haikuuliza ukoo, na msichana mwenye kuweza anaingia kalasi pamoja na kaka zake. La tatu ni kukutana. Mpende, Mkongo, Mluba na Mrega walikaa kwenye meza moja, kila mmoja akaona kwamba mwenzake naye ana mababu wenye akili.

Na shule imezaa watu. Alfred Liyolo, aliyezaliwa Bolobo mwaka 1943, mwaka uleule shule ilifunguliwa, alisomea hapo, akaenda Vienna huko Austria, akarudi kufundisha uchongaji. Miili yake ya shaba, mirefu na laini kama maji yanayoteleza, inajulikana mbali sana. Alifariki mwaka 2019. Mtu akisema kwamba shule haikufanya kitu, tumwonyeshe shaba ya Liyolo.

4. Serikali ilipokuwa mwagizaji

Lakini palepale kwa Liyolo tunaona shida. Sanamu zake ziliagizwa na nani? Miaka ya 1970 ilikuwa wakati wa otantisite. Inchi iliitwa Zaire toka 1971. Mwaka 1973 wahakiki wa sanaa wa dunia walikutana Kinshasa, na mwezi wa kumi mwaka uleule Mobutu alisimama kwenye Umoja wa Mataifa, akadai nchi tajiri zirudishe kazi za sanaa walizochukua kwetu. Yalikuwa maneno ya haki. Waalimu na wanafunzi wa zamani wa Akademi walijiita watu wa mbele, wakatafuta sanaa mpya yenye mizizi ya mababu.

Serikali ikawa mwagizaji mkubwa. Moja ya kazi za Liyolo za wakati ule inaitwa Ngao ya Mapinduzi, na kila mtu anajua Mapinduzi lilikuwa jina la chama gani. Hatumlaumu msanii, mchongaji wa mfalme wa Waluba naye alichongea utawala. Tofauti iko hapa: fimbo ya mfalme wa Waluba ilimfundisha mfalme mwenyewe. Ilimkumbusha nani alimtangulia, na kwamba wanawake waliochongwa juu yake ndio wanaoshika siri ya ufalme. Sanamu ya otantisite ilimsifu mtawala, haikumfundisha kitu. Ilichukua uso wa babu, ikaacha mdomo wake.

Ndiyo maana, Serikali ilipokosa franga, sanamu nazo zilikosa kazi. Kama watu wangekuwa wanazihitaji kwa maisha yao, wangeendelea kuziagiza hata bila Serikali, kama vile Wapende waliendelea kuagiza barakoa chini ya koloni.

Na vile vitu vilivyodaiwa mwaka 1973? Kati ya 1976 na 1982, nyumba ya makumbusho ya Tervuren ilitoa vitu 114 kwa makumbusho ya Kinshasa. Nyingi ziliibwa katika fujo za miaka ya 1990. Wengi wanalia juu ya wizi huo, na wana haki. Sisi tunauliza vilevile: katika ile miaka yote, ni wanafunzi wangapi wa uchongaji waliketi mbele ya vitu vile pamoja na mzee wa kueleza? Mwaka 2019 Kinshasa ilipata nyumba mpya ya makumbusho, na mwaka 2022 mfalme wa Wabeleji alileta pale barakoa kubwa ya kakuungu ya Wasuku. Swali letu linabaki palepale. Kitu kikirudi bila maneno yake, kimerudi nusu.

5. Waliotafuta nje ya kalasi

Tunaweza kupima shule kwa kutazama wanafunzi wake wanaenda wapi kutafuta kile wasichopata ndani. Mwaka 2003 kikundi cha wanafunzi wa Akademi kilijipa jina la Eza Possibles, maana yake kwa Kilingala na Kifaransa ni kwamba inawezekana. Hawa vijana hawakutaka tena kukaa kwenye programu ya zamani. Walienda na kazi yao barabarani, kwa watu.

Freddy Tsimba, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1967, alimaliza uchongaji kwenye Akademi mwaka 1989. Diploma mkononi, bado alienda kujifunza tena, kwa mafundi wa kuyeyusha chuma wa Kinshasa, watu wasio na diploma, ili ajue moto. Kisha akaanza kuunganisha maganda ya risasi yaliyookotwa kwenye viwanja vya vita, mapanga, vijiko, funguo. Mtu wa Kivu ama wa Ituri akiona mwili wa mwanamke uliotengenezwa kwa maganda ya risasi, hahitaji mwongozi wa kumweleza. Anajua zile risasi zilipita wapi. Hapa, kwa maoni yetu, neno la pili limerudi: sanamu inafundisha. Huzuni ni kwamba moja ya kazi zake kubwa, ile ya mwanamke mwenye kubeba maisha, iko Paris toka 2018, kwenye jumba la Chaillot. Ni heshima, hatukatai. Lakini watoto wa Beni hawapiti Chaillot wakienda masomo.

Bodys Isek Kingelez, aliyefariki mwaka 2015, hakusomea Akademi hata siku moja. Mbele ya kujenga miji yake ya karatasi iliyoonyeshwa mpaka New York mwaka 2018, alifanya kazi kwenye makumbusho ya Kinshasa, akitengeneza barakoa na sanamu zilizoharibika. Nani atasema kwamba ile haikuwa shule? Vidole vyake vilipita juu ya kazi za mababu, ufa kwa ufa.

Na huko Lusanga, kwenye mashamba ya zamani ya mafuta ya mawese, wafanyakazi walianza mwaka 2014 kufinyanga sanamu za udongo, ambazo zinamwagwa tena kwa kakao na kuuzwa ng'ambo ili wanunue ardhi. Wasanii kutoka Kinshasa walienda kuwasaidia, na aliyeanzisha mambo ni Mholanzi, kwa hiyo kuna maneno mengi juu ya nani anashika usukani. Lakini tutazame kitu kimoja. Mwaka 2024 walifaulu kuleta kwa muda, kutoka Marekani, sanamu ya Balot, ile iliyochongwa na Wapende wakati wa uasi wa 1931, kisha Mbeleji mwenye jina hilo kuuawa. Watu hawa hawakuidai juu ya uzuri wake. Waliidai kwa sababu inasema kitu juu ya kazi ya kulazimishwa ambayo babu zao waliikataa. Wakulima wa mawese wameelewa sanamu kuliko wengi wenye diploma.

6. Kinachopashwa kufanywa

Mtu atatujibu: mnataka turudishe Bwami ndani ya Akademi? Hapana. Bwami ilikuwa na siri zake, na siri haifundishwi kwa mtihani wa mwisho wa mwaka. Tena mtu hawezi kuagiza imani kama vile anaagiza sementi. Tunaomba mambo madogo ambayo yanawezekana.

Kwanza, mzee mchongaji apewe kiti cha mwalimu hata kama hana diploma. Masomo makubwa yanauliza karatasi kwa kila mwalimu. Kwa uchongaji sheria hii ni kama kumkataza mvuvi asifundishe uvuvi. Pili, mbele ya kumaliza, kila mwanafunzi wa uchongaji akae miezi fulani mahali ambapo sanamu bado zinafanya kazi, kwa Wapende, kwa Wasonge, kwa Warega, aandike majina ya mafundi na maneno yanayoenda pamoja na kazi zao. Tatu, kazi ya mwisho isihukumiwe na maprofesa peke yao. Iwekwe katika kartie, sokoni, kwenye uwanja wa parokia, watu waulizwe inawaambia nini. Wakijibu kwamba haiwaambii kitu, hilo nalo ni somo kwa mchongaji.

Na vyama vya utamaduni kama vyetu tusikae tukingojea Kinshasa. Katika Maniema, Tanganyika na Kivu, vita imehamisha vijiji vizima. Mchongaji akikimbia anaweza kubeba tezo yake begani, lakini habebi kijana wa kumfundisha wala baraza la kumwagiza kazi. Wazee wenye kujua methali ya kila sanamu wanapungua kila mwaka, na wakati mwingine mzee wa mwisho wa ukoo anazikwa kambini, mbali na kwao. Akademi ya Kinshasa ilipita miaka 80 mwaka 2023. Ina majengo, ina jina, ina vijana wengi wenye mikono mizuri. Hawa wazee hawana miaka 80 mingine. Wakutanishwe sasa, wakati bado kuna mtu wa kusema ile sanamu yenye vichwa vingi ilimwona tembo upande gani wa mto.